Kununua Tena au Kutengua Mauzo? Istilahi za Magari Mapya Yenye Kasoro Sugu

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi za jambo ambalo baadhi ya wafasiri wetu wamekwisha kukutana nalo: mtu hununua gari jipya, tena la kifahari, likawa haliishi kuharibika kwa ubovu ule ule, hata kampuni iliyoliunda ikalazimika kulichukua na kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jambo hili lina sheria zake maalumu nchini Marekani, na huko ndiko zitokako hati nyingi zinazowasumbua wafasiri. Twaanza na kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichotufanya tuishike kalamu.

Mfasiri mmoja awahudumiaye wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani alituletea nakala ya barua aliyoitafsiri. Mwenye barua alikuwa amenunua gari la bei kubwa, na giaboksi yake ikawa inaharibika kila baada ya wiki chache. Kampuni ilimpa hiari ya mambo mawili: ama ilichukue gari, ama yeye abaki nalo na kupewa kiasi kidogo cha fedha. Katika tafsiri, hiari ya kwanza iliandikwa hivi: "Kampuni iko tayari kununua tena gari lako." Ndugu yule akajiuliza, gari lililokwisha kuingia gereji mara tano, nani atalinunua kwa bei ya maana? Akaazimia kuchukua zile fedha kidogo. Kabla hajatia sahihi, mfasiri alirudi kuisoma sheria, akagundua kwamba hiari ya kwanza haikuwa bei ya gari bovu, bali karibu fedha zote zilizolipwa siku ya kununua. Maneno mawili tu, "kununua tena", yalikaribia kumtia hasara kubwa mtu aliyemwamini mfasiri wake.

Sheria yenyewe

Mwaka 1970 jimbo la California lilipitisha sheria ya dhamana za bidhaa, ijulikanayo kwa majina ya watunga sheria wawili, Song na Beverly. Mwaka 1975 ikafuata sheria ya nchi nzima ya Magnuson na Moss. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut likatunga sheria iliyohusu hasa magari mapya yenye ubovu usiokwisha, na mwaka huo huo California ikaongeza vifungu vya namna hiyo katika sheria yake. Leo majimbo yote 50 yana sheria za jambo hili, ingawa masharti yake hutofautiana.

Tuchukue mfano wa California. Katika miezi 18 ya kwanza au maili 18,000 (yapata kilomita 29,000), lolote litakalotangulia, sheria huchukulia kwamba kampuni imekwisha kupewa nafasi za kutosha ikiwa kasoro ile ile imetengenezwa mara 4 au zaidi. Au mara 2 ikiwa kasoro hiyo yaweza kuua au kujeruhi vibaya. Au ikiwa gari limekaa gereji kwa zaidi ya siku 30 kwa jumla, hata kama siku hizo hazikufuatana. Kwa zile hesabu mbili za kwanza, mnunuzi hutakiwa pia kuijulisha kampuni yenyewe, iwapo kampuni ilimweleza sharti hilo. Nafasi hizo zikiisha, kampuni haina budi kumpa mnunuzi gari jingine au kumrudishia alicholipa, na mnunuzi hawezi kulazimishwa kupokea gari jingine.

Vipimo hivi havibagui. Gari la Wabenzi na gari la karani huhesabiwa kwa hesabu moja. Hata hivyo magari ya kifahari hutajwa sana katika mashauri haya, kwa kuwa fedha zinazogombewa ni nyingi, na kwa kuwa vyombo vilivyomo ndani yake ni vingi: kompyuta kadha wa kadha, mifumo ya hewa mahali pa springi, na giaboksi zinazoendeshwa kwa umeme. Kila kilichoongezwa ili kumstarehesha mwenye gari ni kimoja zaidi kinachoweza kuharibika.

Gari la namna hii liitweje?

Waamerika huliita "limau". Kwao limau, pamoja na kuwa tunda, ni kitu kilichomwudhi mnunuzi kwa uchachu wake. Mtaalamu wa uchumi George Akerlof alilitumia neno hilo katika makala yake mashuhuri ya 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji anapojua asiyoyajua mnunuzi, magari mabovu huweza kuyafukuza mazuri sokoni. Na mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Lakini kwetu limau ni kiungo cha chakula na dawa ya kikohozi, halina ubaya wowote. Mfasiri akiandika "sheria ya limau", msomaji atadhani ni kanuni ya Wizara ya Kilimo.

Lugha yetu ina maneno ya karibu, nayo yanastahili kupimwa moja moja. "Mkweche" ni gari lililochakaa, linalolia kila upande. Ubovu wake ni wa uzee, nasi twazungumzia gari linalong'aa, lenye harufu ya upya. "Mbuzi kwenye gunia" ni msemo mzuri, lakini humlaumu aliyenunua bila kutazama, ilhali kasoro tuisemayo haionekani hata kwa mnunuzi aliyefungua boneti na kuchungulia. "Gari bovu" ni maelezo tu, kwani gari lolote laweza kuwa bovu leo na zima kesho.

Neno lililokaribia zaidi limetoka mitaani: "kimeo". Kwa asili kimeo ni kile kinyama kining'iniacho kooni, lakini vijana wa mijini hulitumia kwa kitu chochote chenye matatizo yasiyokwisha: simu kimeo, gari kimeo. Hatuoni sababu ya kulidharau, na gazeti laweza kulitumia bila kosa. Katika hati ya sheria, hata hivyo, kimeo hakina mipaka; hakisemi ubovu ni wa aina gani wala umerudi mara ngapi. Kwa hiyo twapendekeza "gari lenye kasoro sugu". Neno "sugu" lafahamika kwa wote katika "ugonjwa sugu" na "mdaiwa sugu", nalo hubeba maana ileile inayohitajiwa na sheria: jambo lililotibiwa mara nyingi lisipone.

Hapo yafaa kutenga "kasoro" na "hitilafu". Gari likizimika barabarani, hiyo ni hitilafu, yaani tukio. Sababu iliyomo ndani ya gari, itokayo kiwandani, ndiyo kasoro. Hitilafu ni dalili, kasoro ni maradhi. Sheria huhesabu ni mara ngapi kasoro ile ile imetengenezwa. Mwenye kuyachanganya maneno haya hawezi kuhesabu sawasawa.

Nani ametengeneza nini?

Tatizo la pili limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kitenzi "kutengeneza" kina maana mbili: kufanya kitu kipya, na kukifanya kizima kilichoharibika. Katika mazungumzo hakuna udhia. Lakini tazama sentensi hii: "Mtengenezaji akishindwa kutengeneza gari, atawajibika." Je, ni kiwanda kilichoshindwa kuunda, au ni fundi aliyeshindwa kurekebisha? Katika sheria hii wawili hao ni watu tofauti. Anayerekebisha ni muuzaji aliyeidhinishwa mwenye gereji. Anayewajibika ni kampuni ya kiwanda. Kwa sababu hiyo twashauri "kuunda" na "muundaji" vitumike kwa kiwanda, kama mababu zetu wa pwani walivyosema kuunda jahazi, na "kutengeneza" kuachwe kwa kazi ya gereji.

Kwa ahadi ya muundaji kuhusu ubora wa gari, twapendelea "dhamana ya muundaji". Wengine huandika "waranti", lakini kwa mtumishi wa serikali waranti ni hati ya safari, na kwa polisi ni hati ya kukamatia mtu. Ni kweli kwamba "dhamana" nayo hutumika mahakamani kwa mshtakiwa; ndiyo maana yafaa neno hilo lisiachwe peke yake, bali lifuatwe na "ya muundaji" kila linapotokea kwa mara ya kwanza.

Kosa la "kununua tena"

Sasa turudi kwenye neno lililotuleta hapa. Neno la Kiingereza limeundwa kwa kitenzi cha kununua na kielezi cha kurudi nyuma. Mfasiri aliyeandika "kununua tena" alitafsiri viungo vya neno, akaiacha maana. Kwanza, muundaji hakuwahi kulinunua gari hilo. Aliliunda na kuliuza. Hiyo "tena" ni ya mara ya ngapi? Pili, ununuzi ni mapatano: mmoja hutaja bei, mwingine hupunguza. Hapa sheria ndiyo iliyokwisha kutaja bei. Kifungu cha California kinachomwamuru muundaji hakitumii kitenzi cha kununua. Chasema abadilishe gari au amrudishie mnunuzi alicholipa.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa mno: "kutengua". Twatengua udhu, twatengua uteuzi, twatengua hukumu. Yaani kilichofungwa hufunguliwa, mambo yakarudi yalivyokuwa. Ndivyo ilivyo hapa: gari hurudi kwa muundaji, fedha hurudi kwa mnunuzi. Basi twapendekeza "kutengua mauzo" kwa jambo zima, na "kurejesha bei" kwa upande wa fedha. Wafasiri waangalie pia viambishi vyao: mnunuzi *hurudisha* gari, muundaji *humrudishia* bei. Silabi hiyo moja huonyesha nani ananufaika.

Neno "bei" nalo lisibadilishwe kwa "thamani". Bei ni kilicholipwa. Thamani ni kile gari lingepata sokoni. Katika mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama Oktoba 2016 kuhusu magari ya dizeli ya Volkswagen na Audi nchini Marekani, yapata 475,000, ambayo kosa lake lilikuwa udanganyifu wa vipimo vya moshi, wenye magari waliokubali yachukuliwe walilipwa thamani ya kabla ya udanganyifu kufichuka, pamoja na fidia. Hapo "thamani" ni sahihi. Katika sheria ya kasoro sugu ya California ni "bei", pamoja na kodi na ada za kuandikisha gari.

Miongoni mwa yanayoipunguza bei hiyo ni yale tuyaitayo "makato ya matumizi". California huchukua maili zilizokuwa zimeendeshwa gari lilipopelekwa kutengenezwa kasoro hiyo mara ya kwanza, huzigawa kwa 120,000, kisha huzidisha kwa bei. Gari la dola 90,000 lililopelekwa gereji baada ya maili 6,000 litakatwa dola 4,500. Mnunuzi atarudishiwa dola 85,500 kabla ya kuongezwa kodi na ada. Maili zilizoendeshwa baadaye hazimo katika hesabu hiyo. Katika shauri moja la 2004, kampuni ya Mercedes-Benz ilidai mnunuzi akatwe zaidi kwa kuwa aliendelea kuliendesha gari baada ya kuomba lichukuliwe. Mahakama ya rufani ya California ilikataa.

Yanayotuhusu nyumbani

Nchi zetu huagiza magari mengi yaliyokwisha kutumika, na makarani na wafasiri husoma hati zake. Gari lililorudishwa kwa muundaji huko California likiuzwa upya, sheria hutaka hati yake ya umiliki iandikwe hivyo, na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa mbele wa kushoto. Mfasiri akiandika "gari lililonunuliwa tena", mnunuzi wa pili hataona onyo lolote. Na aandike: "Gari hili lilirudishwa kwa muundaji kwa sababu ya kasoro." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kazi ya hati ni kumwezesha mnunuzi kuvitambua vyote viwili.

Aidha, sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya, zilizotokana na ile ya Uingereza ya 1893, zina sharti lisilohitaji kuandikwa katika mkataba kwamba bidhaa ya mfanyabiashara iwe na ubora wa kustahili kuuzwa. Sharti hilo humfunga muuzaji. Mwalimu anayefundisha somo la biashara hana budi kuwaonyesha wanafunzi tofauti hiyo: huku ashikwaye ni aliyeuza, kule ashikwaye ni aliyeunda.

Mapendekezo kwa ufupi

Gari lenye kasoro sugu: gari jipya ambalo kasoro yake ya kiwandani imeshindikana baada ya nafasi za kutosha za kutengenezwa.
Hitilafu: tukio la gari kutofanya kazi ipasavyo.
Muundaji: kampuni iliyolifanya gari kiwandani.
Dhamana ya muundaji: ahadi yake kuhusu ubora na matengenezo.
Kutengua mauzo: kurudisha gari kwa muundaji na fedha kwa mnunuzi.
Kurejesha bei: kumlipa mnunuzi alicholipa, pamoja na kodi na ada.
Makato ya matumizi: kiasi kinachopunguzwa kwa mwendo wa gari kabla ya kutengenezwa mara ya kwanza.
Mwito wa marekebisho: tangazo la muundaji kwa wenye magari ya aina moja wayalete yarekebishwe bila malipo. Lisichanganywe na kutengua mauzo, kwani hapa gari hubaki kwa mwenyewe.

Haya ni mapendekezo, wala si amri. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu katika hati halisi, na watuandikie pale yatakapokwama. Hasa tungependa kusikia kutoka kwa mafundi na wauza magari, kwa kuwa huenda wanalo neno ambalo sisi maofisini hatujalisikia.