Kiswahili Chako Kiandike Kwenye Fomu

Wazee wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fomu ya kuomba kazi nayo ni daftari. Atakayeisoma hakujui, hajawahi kukusikia ukizungumza, na mbele yake kuna maombi mengine chungu nzima. Kwake yeye, ulichokiandika ndicho ulicho nacho, ulichokiacha, huna.

Makala haya yanawahusu zaidi wenzetu wa mwaka wa mwisho kutoka Ibra, Sur, Nizwa na vijiji vya jirani, ambao wameanza kutafuta kazi. Fomu ina sehemu nyingi, lakini sisi wa nyumba za Kiswahili hujikwaa zaidi katika mbili: jina na lugha.

Jina moja, tahajia moja

Tabu huanza jina la Kiarabu linapoandikwa kwa herufi za Kilatini. Katika ukoo mmoja utakuta Seif na Saif, Barwany na Al Barwani, Harthy na Al Harthi. Vyeti vya Unguja na Mombasa vilifuata tahajia ya huko. Pasipoti ya Oman ina tahajia yake. Tena huko mtu huandikwa majina matatu, lake, la baba na la babu, na hapa huongezwa bin au bint na jina la kabila.

Mwajiri hana habari ya yote hayo. Akiona cheti kina jina hili na kitambulisho kina lile, anaweza kudhani ni watu wawili. Basi andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwenye fomu na kwenye wasifu. Cheti kikitofautiana, ulizia mapema namna ya kupata hati rasmi ya kuthibitisha kuwa ni wewe, usingoje siku ya mwisho. Na aliyesomea nje, tuseme Zanzibar au Dar es Salaam, ahakikishe shahada yake imepata ulinganisho wa wizara inayosimamia elimu ya juu.

Sehemu ya lugha

Hapa wengi wetu huandika "Kiarabu, Kiingereza" na kupita. Kiswahili ambacho bibi hutuamshia asubuhi hakitajwi, kana kwamba ni lugha ya jikoni tu.

Historia yetu inasema vingine. Kabla ya 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Mwaka huo Sultani Qaboos alishika utawala, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki wengi wao walikuwa wamesoma, wakaingia maskulini, mahospitalini, maofisini na kwenye kampuni za mafuta. Elimu hiyo waliipata katika nchi za Kiswahili, na lugha wakatuachia majumbani.

Leo lugha hiyo imezidi kupanda daraja. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili lugha yake ya kazi. Hapa kwetu wapo wafanyakazi wa majumbani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, ambao wakifika hospitali wanahitaji mtu wa kuwaelewa. Wapo wafanyabiashara na wasafiri wanaokwenda na kurudi baina ya Muscat, Zanzibar na Dar es Salaam.

Lakini mwajiri hawezi kukuita kwa lugha usiyoiandika. Na ofisi ikiamini haina mwenye Kiswahili wala haimpati, haitakitaja kwenye tangazo lake lijalo. Hivyo ndivyo mali inavyopotea bila habari.

Andika kweli tupu

Usiandike "najua Kiswahili" ukaishia hapo. Wengi wetu tunasikia kila neno, ila kuandika barua ni mtihani. Gawa ujuzi wako: kusikiliza, vizuri sana, kuzungumza, vizuri, kusoma, wastani, kuandika, kidogo. Kisha weka ushahidi: umefasiri kwenye hafla, umeandika katika jarida hili, umesoma kozi fulani. Ukijipandisha, usaili utakushusha, maana huenda akatokea msaili aliyezaliwa Ng'ambo au Pemba akakuuliza kwa Kiswahili.

Kabla ya kutuma

Soma tangazo tena, mstari kwa mstari, uhakikishe kila sifa iliyotakiwa imejibiwa mahali fulani. Pasipokuhusu, andika "haihusiki" badala ya kuacha patupu. Swali la "kwa nini unaomba kazi hii" lisijibiwe kwa maneno yanayofaa kila kazi. Taja kazi yenyewe na unachoweza kuifanyia. Wadhamini waombe ruhusa kwanza, uwapelekee tangazo na wasifu wako. Mwisho, mpe mwenzako aisome fomu nzima. Jicho la mwandishi huruka makosa yake.

Na walimu wetu, tuna ombi moja kwenu. Mnapomwandikia mwanafunzi barua ya udhamini, kitajeni na Kiswahili chake, mseme amekitumia wapi na kwa kiwango gani. Kikitajwa kwenye fomu na kwenye barua, mwajiri atakuwa na sababu mbili za kuuliza.