Kwa Nini Ndizi ya Mitunguu Haina Mbegu

Chukua ndizi mbivu kutoka Mitunguu, Meru, uikate kwa upana. Katikati utaona vitone vyeusi vidogo vilivyojipanga katika sehemu tatu. Vitone hivyo vilipaswa kuwa mbegu. Ndizi mwitu za kusini-mashariki mwa Asia, mababu wa ndizi zetu, zimejaa mbegu ngumu kama changarawe.

Tofauti hii ilichangiwa sana na kosa katika meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza chavua na mayai. Mgomba mwitu una kromosomu 22, yaani seti 2 za 11, na kila seli ya uzazi hupaswa kubeba 11 tu. Mara chache mgawanyiko hukwama, seli ikatoka na zote 22. Ikikutana na yenye 11, huzaliwa mgomba wa kromosomu 33. Ndivyo ilivyo Gros Michel, ambayo wakulima huiita Kampala, na ndivyo ilivyo Cavendish.

Mgomba huo hunawiri, ila kwenye uzazi hesabu hukataa. Kromosomu zinatakiwa kushikana mbili mbili kabla ya kuachana, na ya tatu haina mwenzake. Mgao huenda ovyo, chavua na mayai mengi hufa. Hata hivyo tunda hukua bila kuchavushwa, tamu na laini.

Utamu huo tunaulipia. Mgomba usio na mbegu huendelezwa kwa machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Ugonjwa wa mnyauko fuzari ukiingia katika shamba la Kampala, iwe Imenti au Runyenjes, hakuna mgomba wenye kinga ya kuuzidi mwingine. Pasua shina la mgomba mgonjwa uone michirizi ya kahawia yenye wekundu. Kuvu wake hubaki udongoni miaka mingi.

Kwa hiyo, mkulima, usiombe machipukizi kwenye shamba linalonyauka. Nunua miche ya tishu kalcha, iliyokuzwa maabara, nayo usiipande palipougua, kwani mche safi si mche wenye kinga. Tena changanya aina.

Nchini Uganda, watafiti wa taasisi za kilimo NARO na IITA walichavusha matoke, ambayo nayo yana kromosomu 33, kwa chavua ya ndizi mwitu ili kupata aina mpya. Mbegu chache zilizowafaa zilitokana na mayai yaliyobeba kromosomu zote 33. Kutoka uzao huo zikapatikana ndizi za NARITA. Kosa lililoufunga uzazi wa mgomba ndilo lililowafungulia njia.