Kioo cha laptopu: kinachong'aa au kisichong'aa?

Laptopu za mitumba zinaonekana sana sokoni siku hizi, na viko vikundi vya akina mama na vijana vinavyochanga pesa ili kununua moja ya kuonyeshea picha na filamu za afya. Kabla hamjatoa pesa yenu, angalieni kioo.

Vioo viko vya aina mbili. Kinachong'aa ni laini kama kioo cha kujitazamia. Ndani ya chumba chenye mwanga mdogo kinapendeza sana: nyeusi ni nyeusi kweli, na nyekundu imekolea. Lakini kama nyuma yako kuna mlango ulio wazi, au turubai jeupe lililopigwa na jua, utaona mlango na turubai badala ya picha. Kisichong'aa kina vikwaruzo vidogo mno juu yake ambavyo hutawanya mwanga, kwa hiyo huoni sura ya mlango, unaona weupe hafifu tu. Kwenye mwanga rangi zake hupauka kidogo na nyeusi huelekea kijivu, ila maandishi husomeka. Kwa mafunzo ya mchana barazani au chini ya mti, mimi nachagua kisichong'aa bila kusita.

Wengine wanaogopa kwamba mng'ao huo unaharibu macho. Hauharibu. Unakufanya ukaze macho na upinde shingo, na kichwa kinauma. Geuza meza ili mwanga utoke ubavuni, na kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulichanganya. Utaambiwa kioo kisichong'aa huonekana vizuri kutoka kila upande. Sivyo. Kung'aa ni habari ya uso wa nje. Picha kubadilika ukikaa pembeni kunatokana na paneli iliyo ndani. Laptopu nyingi za bei nafuu za zamani zina paneli iitwayo TN. Ukiitazama TN kutoka chini, picha inakuwa nyeusi na rangi zinageuka kama kwenye negativu ya picha. Ukiitazama kutoka juu, inapauka. Paneli ya IPS hubaki karibu vilevile pande zote. Maandishi "HD" au "LED" yaliyobandikwa kwenye mashine hayakuambii lolote juu ya hilo.

Kwetu hili si jambo dogo. Fikiria mafunzo yetu yanavyokuwa: laptopu iko juu ya meza, akina mama wamekaa mkekani, wengine wamesimama nyuma. Tunaonyesha utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Njano ni kuanzia 11.5 mpaka kabla ya 12.5, na kijani ni 12.5 kwenda juu. Kwenye TN, aliyekaa mkekani huona rangi zimefifia gizani, na aliyesimama huona njano imekaribia weupe. Wote watasema wameelewa! Kwa hiyo inamisha kioo kiwaelekee waliokaa, weka laptopu usawa wa macho yao, na waite wachache wachache. Na rangi za utepe zifundishwe kwa utepe wenyewe mkononi, si kwa picha.

Sokoni, jaribu hivi. Mashine ikiwa imezimwa, jitazame: ukiona uso wako waziwazi, kioo kinang'aa. Iwashe, fungua picha yenye nyekundu, njano na nyeusi, kisha inamisha kioo mbele na nyuma polepole. Rangi zikigeuka, hiyo inaelekea kuwa TN. Halafu toka nayo nje. Muuzaji akikataa usitoke nayo, mwache nayo. Kama kikundi hakipati IPS isiyong'aa kwa pesa yake, chukueni IPS inayong'aa na mtafute kivuli, kwa sababu mng'ao unaukwepa kwa kugeuza meza, lakini paneli huibadilishi kwa urahisi.

Kwa usafi, zima mashine kwanza, tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu. Maji ya klorini tunayonawia mikono yasiguse kioo, wala spiriti na sabuni ya unga. Kioo kisichong'aa kikisuguliwa nazo hubaki na madoa yanayong'aa, na hayatoki tena.