Majengo ya Uwanda wa Kati: Kuba Juu ya Pembe Nne (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliiangalia tembe ya Mgogo: kuta za miti na udongo, paa bapa la fito, nyasi na tabaka nene la udongo, ua wa ng'ombe katikati. Tulisema kwamba tembe imetokana na nchi yenyewe, nchi yenye mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, inayonyesha kati ya Desemba na Aprili na kisha kukatika kabisa. Leo tunaingia Dodoma mjini kutazama jengo la aina nyingine. Ni Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, la Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana, lililojengwa miaka ya 1930 likitazamana na mahali ambapo leo lipo Kanisa Kuu la Kilutheri.

Mgeni akiliona kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni msikiti, kwa sababu ya kuba. Hana kosa. Kuba ni urithi ambao Wakristo wa Mashariki na Waislamu waliupokea kutoka chimbuko moja, na kila upande ukauendeleza kwa namna yake. La ajabu zaidi ni hili: ilikuwaje kanisa la Waanglikana, watu ambao kwao Uingereza makanisa yana minara yenye ncha na madirisha marefu yaliyochongoka, likavaa kuba katikati ya Ugogo?

Jibu tuanze kulitafuta kwa mtu mmoja. Dayosisi hii ilianzishwa mwaka 1927 kwa kumegwa kutoka Dayosisi ya Mombasa, na askofu wake wa kwanza alikuwa George Alexander Chambers, Mwaustralia. Kabla ya kuja huku alikuwa mchungaji wa parokia ya Holy Trinity, Dulwich Hill, kitongoji cha Sydney, mahali ambapo mwaka 1913 alianzisha shule ya wavulana iitwayo Trinity Grammar. Kanisa la parokia hiyo ni la matofali ya kuchoma, la mwanzoni mwa karne ya 20, na mtindo wake ni wa Kibizanti, ule wa matao na makuba wa Wakristo wa Mashariki. Padri aliyezoea kusimama chini ya matao mazito ya matofali kila Jumapili hawezi kuwa na shaka na jengo la namna hiyo. Kwa maoni yangu, Dulwich Hill ndiyo ufunguo wa kwanza wa kulielewa kanisa la Dodoma.

Ufunguo wa pili uko karibu zaidi. Kabla ya 1927, Waanglikana wa Mpwapwa, Kongwa na Mvumi walikuwa chini ya askofu wa Mombasa, na kanisa kuu la Mombasa, lililojengwa mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, nalo lina kuba. Lilijengwa kwa ukumbusho wa watu kadhaa, mmojawao Askofu James Hannington, ambaye mwaka 1882 alipita Mpwapwa katika safari yake ya kwanza ya bara, na miaka mitatu baadaye akauawa Busoga. Kwa hiyo Waanglikana wa Ugogo walikuwa tayari na kanisa mama lenye kuba kabla ya 1927, ingawa wachache tu kati yao waliwahi kuliona kwa macho.

Mtindo wa Kibizanti wenyewe ulikuwa umerudi kwa nguvu miaka hiyo. Mfano mkubwa ni Kanisa Kuu la Westminster, la Wakatoliki wa London, lililoanza kujengwa mwaka 1895 na kufunguliwa 1903. Kardinali Vaughan hakutaka Kigothi, ule mtindo wa ncha na madirisha yaliyochongoka, kwani hatua chache tu kutoka pale ilisimama Abasia ya Westminster, na kushindana nayo kungekuwa aibu. Msanifu wake, John Francis Bentley, akaenda Italia kutazama majengo ya zamani, akarudi na mchoro wa matofali zaidi ya milioni 12 na makuba ya zege yasiyo na chuma ndani. Mtindo huu ulipendwa pia kwa sababu ya fedha. Kanisa la Kigothi uzuri wake uko katika mawe yaliyochongwa, na jiwe lisilochongwa ni jengo lisilokwisha. Kanisa la Kibizanti hujengwa ganda lake kwanza, likafunikwa, watu wakaanza kusali. Marumaru na picha za vijiwe vya rangi zitafuata vizazi vijavyo. Westminster hadi leo sehemu za dari yake ni matofali meusi yasiyo na pambo. Kwa misheni iliyoishi kwa michango ya waumini wa Australia na Uingereza, huku dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi ulioanza 1929, hoja hiyo ilikuwa nzito.

Sasa tuje kwenye kuba lenyewe, maana hapa ndipo penye elimu.

Ukumbi una pembe nne, kuba ni la mviringo. Ukiweka nusu ya kibuyu juu ya sanduku lenye upana uleule, ukingo wake utagusa sanduku katika sehemu nne tu, katikati ya kila upande. Pembe zote nne zitabaki wazi, na juu yake hakuna kinachoshikilia kitu. Waashi wa kale walihangaika na tatizo hili kwa karne nyingi. Warumi walilikwepa kwa kuufanya ukumbi wenyewe uwe duara. Waajemi walijenga tao dogo la kukata kila pembe, mraba ukawa na pande nane, na pande nane zinakaribia duara. Waliofikia utatuzi mkamilifu ni Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, waliomjengea Kaisari Justinian kanisa la Hagia Sophia huko Konstantinopoli, Istanbul ya leo, kati ya mwaka 532 na 537.

Walisimamisha nguzo nne kubwa, wakaziunganisha kwa matao manne. Kisha, katika nafasi iliyobaki kati ya tao na tao, wakajenga kwa matofali pembetatu iliyopinda, ncha yake ikiwa chini juu ya nguzo, upana wake ukifunguka kadiri inavyopanda na kuinamia ndani. Pembetatu hizo nne zinapokutana juu, kingo zake hufanya duara kamili. Juu ya duara hilo ndipo kuba hukaa, na uzito wake wote hushuka kupitia pembetatu hadi kwenye nguzo nne. Kuta zilizo kati ya nguzo hazibebi kuba, ndiyo maana zinaweza kutobolewa madirisha mengi. Pale Hagia Sophia, kuba lenye upana wa takriban mita 31 lina madirisha 40 kwenye kiuno chake, na mtu akisimama chini huona mwanga tu, kana kwamba hakuna kilicholishika.

Lakini kuba lina hila. Halisukumi chini peke yake. Linasukuma pia kwenda nje, likitaka kujitanua pale linapoanzia. Tofali hustahimili kubanwa, halistahimili kuvutwa. Kwa hiyo lazima kitu kizuie ule msukumo: ukuta mnene, nusu-kuba pembeni, au mkanda wa chuma au zege kuzunguka kiuno. Kuba la kwanza la Hagia Sophia lilikuwa bapa mno, likasukuma nje kupita kiasi, na baada ya matetemeko ya ardhi likaanguka mwaka 558. Isidore Mdogo alilijenga upya likiwa juu zaidi, maana kuba lililoinuka husukuma chini zaidi kuliko nje. Wana Dodoma wasilipite jambo hili haraka, kwa kuwa mji wao umekaa kwenye tawi la Bonde la Ufa, na tetemeko la Novemba 2002 liliwakuta wabunge wakiwa mjini humo. Ufa mwembamba unaozunguka kiuno cha kuba, au unaopanda kutoka kiunoni kwenda juu, haufai kupakwa rangi na kusahauliwa. Aitwe mhandisi.

Asiseme mtu kwamba elimu hii ililetwa Tanzania na Wazungu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman na kukarabatiwa baadaye, una makuba na matao ya matumbawe na chokaa. Kuba lake kubwa lina upana wa kama mita tano hivi, na kwa karne nyingi hapakuwa na kubwa zaidi kwenye mwambao wote wa Afrika Mashariki. Waashi wa Kilwa walilichonga tumbawe likiwa bado bichi na laini, wakaliacha likaukie hewani hadi likawa gumu. Kilichokosekana uwandani ni tumbawe hilo na chokaa yake, wala haikuwa akili.

Uwandani nyenzo ni udongo, na udongo mzuri kuliko wote ni wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchuja. Kuuchoma kunataka kuni nyingi, na Ugogo hauna misitu ya kuchezea. Tanuru moja la matofali humeza miti ambayo ingetosha kuipikia familia kwa muda mrefu. Ndiyo maana tofali la kuchoma lilikuwa kwa miaka mingi alama ya misheni, stesheni na boma la serikali, huku wananchi wakibaki na tembe. Mambo yalibadilika kwa kasi wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alipopiga kambi Chamwino na kufanya kazi pamoja na wanakijiji, na kufyatua matofali kukawa kazi ya kila kijiji. Nyumba zikawa bora. Miti ililipa gharama, na hilo tuliseme wazi.

Linalonisumbua ni hali ya kisheria ya majengo ya misheni kama kanisa hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao unalindwa. Kanisa la miaka ya 1930 halimo, isipokuwa Waziri alitangaze. Dodoma imekuwa Jiji tangu Aprili 2018, viwanja vya katikati vimepanda bei, na maghorofa yanainuka kila upande. Jengo la kale katika mji wa namna hii haliangamizwi na tingatinga peke yake. Fundi mwenye nia njema huweza kuliharibu kwa saruji: akipiga plasta ngumu juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa, unyevu hunaswa ndani, chumvi ya udongo hupanda, na tofali huanza kumeguka kama unga nyuma ya plasta inayong'aa. Ukuta wa chokaa urekebishwe kwa chokaa.

Basi ninawaomba wazee wa kanisa, waashi wastaafu na familia za wale waliofanya kazi kwenye majengo ya misheni Dodoma, Mvumi na Kongwa: mkiwa na picha za ujenzi, daftari za malipo au barua za wakati ule, msizitupe. Pelekeni nakala ofisi ya dayosisi na Nyaraka za Taifa, nyuma ya kila picha mkiandika majina ya mafundi mnaowatambua. Sehemu ya tatu itahusu maboma ya Wajerumani, kuanzia Kilimatinde.