Nyayo za Laetoli na Picha Zipimazo

Katika nchi ya Tanzania, kusini ya Bonde la Olduvai, pana mahali paitwapo Laetoli. Hapo kale sana, yapata miaka milioni 3 na laki 6 iliyopita, mlima wa moto ulitoa majivu, nayo yakaenea juu ya nchi kama unga. Kisha mvua ikanyesha kidogo. Hata alama za matone yake zimebaki. Juu ya majivu yale mabichi walipita wanyama na ndege, na viumbe watatu waliokwenda kwa miguu miwili. Majivu yakakauka yakawa jiwe, majivu mengine yakalifunika, na nyayo zile zikalala gizani mpaka mwaka 1978, zilipoonekana na watu wa msafara wa Mary Leakey. Zilifukuliwa nyayo 70 hivi, katika njia ya urefu wa meta 27.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Jiwe la majivu ni laini; likiachwa wazi huliwa na mvua na jua, na kwato za ng'ombe huweza kulivunja. Kwa hiyo mwaka 1979 njia ile ilifunikwa tena kwa mchanga na mawe. Walakini ndani ya mchanga mlikuwamo mbegu za migunga. Mbegu zikaota, na mizizi ikashuka kuelekea nyayo. Kifuniko kilichowekwa ili kulinda kikawa chenyewe kitalu cha miti.

Mwaka 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani, waliifukua njia ile. Penye jiwe zima mizizi haikudhuru sana, bali palipooza ilikuwa imepenya. Ilikuwa lazima kuzifunika nyayo tena, safari hii chini ya vitambaa vizuiavyo mizizi. Lakini kitu kilichofunikwa hakitazamiki. Basi kabla ya kufunika, nyayo zilipimwa kwa picha, kazi iitwayo fotogrametria.

Msomaji aweza kuifahamu asili ya kazi hiyo bila chombo chochote. Na ainue kidole mbele ya uso, afumbe jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kitaonekana kuruka mbele ya ukuta. Akikisogeza karibu na pua, kitaruka zaidi. Akinyosha mkono, kitaruka kidogo. Maana yake, kadiri ya kuruka hutambulisha umbali wa kitu. Kamera nayo hufanywa vivyo hivyo: hupiga unyayo picha nyingi kutoka pande mbalimbali, kila picha ikishika sehemu ya ile iliyotangulia. Kompyuta hutafuta nukta ile ile katika picha mbili au zaidi, hupima ilivyoruka, na kuhesabu kina chake. Nukta zikiwa nyingi mno, umbo la unyayo hutokea lote, kisigino na kidole gumba, wala mkono wa mtu haukuligusa jiwe.

Kando ya unyayo huwekwa kijiti chenye alama za sentimeta. Kijiti hicho ni kitu duni, lakini pasipo kipimo cha namna hiyo kompyuta haiwezi kujua kama unyayo ni wa mtoto au wa jitu.

Njia hiyo ilitumika tena baada ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kugundua nyayo nyingine meta 150 hivi kutoka zile za kwanza, walipokuwa wakichunguza mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho. Habari zake zilitangazwa mwaka 2016. Kwa vipimo vya nyayo hizo, mmoja wa wapitaji alikisiwa kuwa na kimo cha sentimeta 165 hivi.

Tena vipimo vya leo ni shahidi kwa kesho. Jiwe likipimwa upya baada ya miaka, maumbo mawili huwekwa moja juu ya jingine, na palipolika hata kidogo hujulikana, ambapo jicho peke yake lingesema hapakubadilika neno. Picha, hata hivyo, huonyesha uso wa jiwe tu. Mzizi utambaao chini yake hauonekani. Kwa sababu hiyo miche iotayo juu ya kifuniko hung'olewa ingali michanga.