Mfarishi wa Fumbo: Yapi Kweli, Yapi Uzushi?

Mfarishi wa fumbo hushonwa bila mshonaji kuiona picha yake. Mbunifu hutangaza orodha ya rangi na kiasi cha kitambaa, kisha hutoa madokezo moja moja: wiki hii shona pembetatu 120, wiki ijayo miraba ya vipande vinne, na hakuna ajuaye vitakaa wapi hadi dokezo la mwisho litoke. Marekani ndiko sanaa hii ilikoshamiri. Huko Bonnie K. Hunter amejenga desturi ya kufungua fumbo jipya siku inayofuata sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, na mafumbo yake hulishwa na mabaki: vipande vilivyobaki kwenye kazi nyingine, mikanda myembamba, hata mashati ya mitumba yaliyofumuliwa. Watu wengi wakikata kitambaa bila kujua wanaelekea wapi, maneno hayakosekani. Bila shaka nawe umeyasikia. Tuyapime.

“Haya mambo ya fumbo yameletwa na intaneti.”

Si kweli. Katika miaka ya 1920 na 1930 magazeti ya Marekani yalichapisha mifarishi kwa mfululizo. Safu ya Nancy Page, iliyoandikwa na Florence LaGanke, ilitoa kiraka kimoja leo na kingine toleo lijalo, na wasomaji walikata kurasa na kuzihifadhi hadi seti itimie. Intaneti imeongeza kasi na kuwakutanisha washonaji wa mabara yote. Utamu wa kungoja kipande kijacho ulikuwapo kabla yake.

“Mabaki ni mabaki. Shika chochote kinachokuja mkononi.”

Si kweli, na kwa maoni yangu hakuna usemi ulioponza mifarishi mingi kama huu. Mtu akiutazama mfarishi kutoka mlangoni, jicho lake halianzi na rangi. Linaanza na tofauti ya kukoza. Nyota huonekana kwa sababu ncha zake zimekoza kuliko uwanja unaozizunguka, au zimefifia kuliko huo uwanja. Weka nyekundu na kijani zenye ukozo sawa upande kwa upande, rudi nyuma hatua kadhaa, na ile nyota uliyoihangaikia wiki nzima itazama isionekane tena.

Kwa hiyo kuchagua kupo, ila kunafanyika mapema. Wapo washonaji wanaochomoa vipande kwenye mfuko bila kuangalia, na kazi zao hupendeza kweli. Ukichunguza utakuta mifuko yao ni miwili au mitatu, na kila mmoja ulipangwa kwanza: vilivyofifia huku, vilivyokoza kule. Bahati nasibu inaanza baada ya mpangilio.

Kipimo ni rahisi. Tandaza vitambaa vyote mezani, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa: njano kali inageuka nyeupe, na zambarau uliyoiona ya wastani inakuwa nyeusi tii. Wengine hutumia kipande cha plastiki nyekundu cha kutazamia. Kinasaidia, lakini kina hila yake: vitambaa vyekundu vikitazamwa kupitia wekundu huonekana vimefifia kuliko vilivyo, na vya kijani huonekana vimekoza zaidi. Kwa mabaki yenye nyekundu nyingi, amini simu.

Katika fumbo hasa, jihadhari na vitambaa vya katikati, visivyokoza wala kufifia. Ukozo ni jambo la ujirani. Samawati ya wastani ni kiza mbele ya nyeupe, na ni mwanga mbele ya buluu ya usiku. Katika mfarishi wa kawaida unamjua jirani wa kila kipande. Katika fumbo humjui hadi mwisho. Orodha ikikutaka uchague kilichofifia, chukua kile ambacho hakuna awezaye kukibishia.

Wapenzi wa kitenge na kanga wana la ziada la kuangalia. Maua makubwa ya kitenge, yenye nyeupe na nyeusi pamoja, yakikatwa vipande vya inchi mbili hutoa kipande kimoja cheupe na kingine cheusi kutoka kitambaa kilekile. Hicho weka kando kwa ajili ya pindo la nje, pale kitakapopata nafasi ya kujionyesha. Kwa vipande vidogo tafuta vitenge vya chapa ndogondogo, au kata kwa makusudi sehemu yenye rangi moja.

“Vitambaa vikizidi, mfarishi unakuwa fujo.”

Si kweli. Hesabu yenyewe inakwenda kinyume. Ukitumia vitambaa vitatu na kimoja kikakosewa, theluthi ya kazi yako imekosewa. Ukitumia 60, hicho kimoja kinamezwa na wenzake. Mwishoni mwa karne ya 19 Marekani ilivuma mitindo ya mifarishi ambamo hakuna kitambaa kilichorudiwa hata mara moja, mamia ya vipande na kila kimoja cha aina yake, na ilipendeza kwa sababu umbo lilikuwa moja na mpangilio wa ukozo ulikuwa thabiti. Fujo hutokea pale ambapo kila kitambaa kinataka kuwa bibi harusi. Wape wengine kazi ya kushangilia: mistari myembamba, drafti za mashati, madoadoa.

Na kile kitambaa unachokiona kibaya, usikitupe. Kikikatwa kidogo, ubaya wake hupotea na rangi yake hubaki.

“Ukibadilisha rangi za mbunifu umeharibu.”

Si kweli, mradi ubadilishe rangi na usibadilishe kazi ya rangi. Mbunifu akitaka nyekundu, kijani na uwanja wa maziwa, nawe una zambarau, manjano na nyeupe, jiulize kwanza ipi kati ya zake imekoza zaidi na ipi ndiyo uwanja. Kisha chukua kadi, bandika kwa gundi kipande cha kila rangi yako, na kando yake andika jina la rangi ya mbunifu. Bila kadi hiyo, dokezo la nne litakukuta umesahau kama manjano yako ndiyo kijani chake au nyekundu yake. Ukibadilisha, badilisha kabla ya kukata na ushikilie uamuzi huo hadi mwisho.

“Lazima iwe pamba tupu, tena mpya kutoka duka la vitambaa vya mifarishi.”

Nusu kweli. Pamba ina sifa zake: haitelezi, inashika mkunjo wa pasi, na vipande vya unene mmoja hukutana vizuri. Anayeanza asihangaike na kingine. Lakini kuifanya sheria ni kuisahau historia. Katika miaka ya 1880 wanawake wa Marekani na Uingereza walishona mifarishi ya hariri na mahameli. Baadhi ya hariri hizo zimepasukapasuka kwa kuwa viwanda vilizitia chumvi za madini ili ziwe nzito na zing'ae, na madini hayo yakazila polepole. Kilichoziua ni dawa ya kiwandani.

Kisha kuna Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi katika jimbo la Alabama. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, zilizochakaa magotini na kupauka kwa jua. Baadaye ushirika wa Freedom Quilting Bee, ulioanzishwa mwaka 1966, ulipata zabuni ya kushona foronya za kitambaa cha kodrai kwa ajili ya kampuni ya Sears. Mabaki ya kodrai hiyo nene, ya kijani na dhahabu, yalirudi majumbani na kuwa mifarishi ambayo leo watu husafiri kuitazama. Mwaka 2002 kazi za kijiji hicho zilitundikwa kwenye kuta za Whitney Museum, New York, kama michoro.

La kuzingatia ni unene. Usichanganye jinzi na kitambaa cha shati ndani ya kiraka kimoja kidogo, maana mshono utainama upande mmoja. Ukienda kwa fundi kuomba mabaki yaliyoanguka chini ya cherehani, yapapase kwa vidole kabla ya kuangalia rangi.

“Viraka ni kazi ya umaskini.”

Si kweli kama kanuni. Kabla ya viwanda, kitambaa cha chapa kilikuwa ghali mno. Mifarishi ya viraka ilishamiri Marekani katika karne ya 19, wakati pamba ya viwandani iliposhuka bei na hata mtu wa kawaida akawa na vipande vya kuchagua. Kwetu pia husimuliwa kwamba kanga ilianza hivyo: wanawake wa pwani, Zanzibar hasa, walinunua leso za chapa zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakaunganisha sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi la kuringia. Hao walikuwa wakisaka urembo. Gee's Bend uhitaji ulikuwepo, tena mkali, lakini uhitaji hauelezi kwa nini mstari mwekundu uliwekwa pale ulipowekwa. Huo ulikuwa uamuzi wa msanii.

“Fua vitambaa kwanza.”

Kweli kwa sehemu kubwa, na wazee walionya mapema. Nyekundu iliyokoza na buluu ya nili huchuja, na katika mfarishi wa mabaki hujui kila kipande kilitoka wapi. Lowesha kona ya kitambaa, kiweke juu ya kitambaa cheupe, acha vikauke pamoja. Cheupe kikitoka na doa, fua tena hadi maji yawe safi. Kanga na vitenge vipya fua bila mjadala, maana kanji iliyomo huficha ulaini wake halisi, na vingine hunywea. Mashati ya mitumba yamekwisha kufuliwa mara nyingi, hayana siri tena. Pasipofaa kufua ni kwenye vipande vidogo na mikanda myembamba: vitatoka vimechanuka nyuzi na kusokotana. Hivyo vijaribu kwa maji kidogo, na kinachochuja usikipeleke karibu na uwanja mweupe.

“Tofauti ndogo ya mshono haionekani.”

Si kweli hata kidogo. Kipimo cha kawaida cha ukingo wa mshono ni robo inchi, kama milimita sita. Tuseme wewe unazidisha moja ya kumi na sita ya inchi tu. Kila mshono una pande mbili, kwa hiyo unapoteza moja ya nane. Safu yenye mishono minane imepungua inchi nzima. Katika fumbo kosa hili ni kali zaidi, kwa kuwa vipande vya dokezo la kwanza vitakutana na vya dokezo la tano baada ya mwezi, na ndipo utakapogundua. Shona sampuli moja, ipime kwa rula, rekebisha, ndipo uendelee na nyingine mia. Fundi anayepima kabla ya kukata yuko sahihi siku zote.

“Lazia mshono upande uliokoza.”

Kweli. Ukingo wa rangi nzito ukilala chini ya kitambaa chepesi, kivuli chake huonekana juu. Isitoshe, mishono iliyolazwa pande zinazopingana hushikana vizuri inapokutana. Lakini mbunifu wa fumbo akisema lazia kinyume, mtii: yeye anaijua picha. Na pasi ibonyeze, usiiburuze. Ukingo wa mshazari ukiburuzwa huvutika, na pembetatu haitarudi kuwa pembetatu.

“Mifarishi ilikuwa ramani za siri za watumwa waliotoroka.”

Haijathibitishwa, na ushahidi unaipinga. Simulizi hii ilienea kupitia kitabu cha Hidden in Plain View cha mwaka 1999, kilichojengwa juu ya masimulizi ya familia moja ya South Carolina. Wanahistoria walipotafuta, hawakukuta alama za siri za namna hiyo katika maelezo ya waliokuwa watumwa, yakiwemo yale yaliyokusanywa miaka ya 1930. Baadhi ya mitindo inayotajwa, kama ule wa pete mbili za harusi, ilipata umaarufu katika karne ya 20. Anayetaka historia iliyoshonwa kweli amtafute Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani. Mfarishi wake wa visa vya Biblia ulionyeshwa hadharani mwaka 1886, na dhiki ikamlazimisha kuuuza kwa dola tano. Sasa uko katika makumbusho ya Smithsonian, nasi tunajua maana ya kila picha kwa sababu alimweleza mnunuzi mwenyewe.

“Acha kosa moja kwa makusudi, maana Mungu pekee ndiye mkamilifu.”

Si kweli kwamba hiyo ndiyo desturi ya wahenga wa kazi hii. Ni hadithi tamu iliyokuja baadaye. Anayelazimika kuongeza kosa anadai kwamba bila hilo kazi yake ingekamilika, na hicho ni kiburi, si unyenyekevu.

“Dokezo la mwisho likitoka, kazi imebaki kuunganisha tu.”

Si kweli. Hapo ndipo uchaguzi wa pili unapoanza. Tandaza viraka vyote sakafuni au juu ya kitanda kabla ya kushona safu hata moja. Tafuta mahali ambapo vitambaa viwili vinavyofanana vimegusana, vitenganishe. Piga picha ya nyeusi na nyeupe tena: penye kiza kilichojikusanya kona moja, zungusha viraka viwili vitatu. Viache usiku kucha kama watoto na kuku wa nyumbani wanaruhusu, uvitazame asubuhi, kisha viandike namba kwa vikaratasi na pini, safu kwa safu, ndipo uviokote kuvipeleka cherehanini.