BETRI YA LAPTOPU IKICHOKA, KIKUNDI KIFANYE NINI?



Kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini, vikundi vingi sasa vinaweka hesabu za hisa na mikopo kwenye laptopu, mara nyingi iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Taabu ni ile ile: mkutano uko katikati, stima inapotea, na baada ya dakika kumi mashine inazima kabla katibu hajahifadhi marejesho ya siku hiyo. Mara mtu anasema, "Tuchange tununue betri mpya." Ngojeni kwanza.

Betri hizi ni za lithiamu. Zile za gari na sola tulizozoea hupenda kujazwa kabisa, na huharibika zikiachwa bila moto. Ya lithiamu huchoshwa na kukaa imejaa siku nyingi, na zaidi na joto. Kwa hivyo laptopu inayochomekwa mchana kutwa katika ofisi ya mabati, au kuachwa ndani ya gari juani pale Isinya, huzeeka upesi. Na ile habari ya "maliza moto wote ndipo uchaji" ilikuwa ya betri za nikeli, zile za simu za miaka ya 1990. Hizi za sasa inazichosha tu. Ichajini ikifika kama asilimia 20 au 30, mchomoe karibu na 80.

Hata ikitunzwa itachoka. Nyingi zikishajazwa na kutumika mara 300 hadi 500 hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu zao, na hilo si ugonjwa.

Kupima ni bure. Kwa mashine ya Windows, andikeni cmd mahali pa kutafuta, mfungue, kisha andikeni powercfg /batteryreport. Itawaonyesha ripoti imewekwa wapi. Humo tafuteni Design Capacity, yaani nguvu ya kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani iliyobaki. Ya kwanza ikiwa 40,000 na ya pili 30,000, mna robo tatu. Punguzeni mwanga wa kioo, mfunge programu msizotumia, na kazi itaendelea. Ikishuka chini ya nusu, hapo mweka hazina alete jambo hilo mkutanoni. Wakati huo katibu ahifadhi kila malipo papo hapo, na daftari la karatasi lisitupwe, hata vijana wakicheka.

Mkinunua, nendeni na betri ya zamani ili fundi alinganishe namba iliyoandikwa juu yake, maana umbo laweza kufanana na volti zikatofautiana. Ulizeni tarehe ya kutengenezwa. Betri huzeeka hata ikiwa dukani. Daini risiti na muda wa kuirudisha.

Jambo moja halingoji mkutano. Kifuniko kikikataa kufunga, au sehemu ya kuguswa kwa kidole ikiinuka, betri imevimba na inaweza kushika moto. Zimeni, chomoeni chaja, msiibonyeze wala kuitoboa. Fundi akishaitoa, iwekeni nje kwenye karai la mchanga mkavu, mbali na watoto. Isitupwe chooni wala kwenye moto wa takataka. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za vifaa vya umeme, na vikundi jirani vinaweza kukusanya zao vikazipeleka pamoja.